KURA TUMEPATA, STAKABADHI BADO



Kifungu cha 2A kilipofutwa katika Katiba mnamo Desemba 1991, tuliambiana kwamba zama za mtu mmoja kuwa mshitaki, hakimu na askari jela kwa wakati mmoja zimekwisha. Hazijakwisha. Zimehama tu, zikapata makao mapya katika ploti za Lodwar na Kakuma. Humo angali yupo mtu mmoja anayetunga kanuni, anayezitafsiri kanuni hizo, anayemhukumu aliyezivunja, kisha anayetekeleza hukumu yake mwenyewe kwa kufuli asubuhi na mapema. Mtu huyo ni mwenye nyumba.

Najua watakaoguna. Watasema kwamba jarida la mageuzi lina mambo makubwa ya kujadili: tume ya uchaguzi, mahakama huru, ugavi wa mapato ya taifa, kwamba ugomvi wa kodi ya chumba ni wa keyateka na chifu. Nawauliza hao: mwananchi hukutana na dola mara ngapi kwa mwaka, na mara ngapi hukutana na mwenye nyumba wake? Kura hupigwa mara moja kwa miaka mitano. Kodi hudaiwa kila mwezi. Aliyezoea kunyamaza kila tarehe tano, akiogopa vyombo vyake kurushwa mchangani, tutamfundisha vipi kusema kweli siku ya uchaguzi?

Tuanze na namna tulivyofika hapa. Turkana ilifungiwa na mkoloni. Sheria ya mwaka 1934 ya kutawala wilaya maalumu iliwafanya watu wake kuwa wa kuchungwa na si wa kuhudumiwa, na Lodwar ikajulikana nchini kama mahali pa kumpeleka mtu unayetaka asahaulike. Ndiko Jomo Kenyatta alikohamishiwa kutoka Lokitaung mwaka 1959. Uhuru ulipokuja, Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 ukaamua kwamba fedha za maendeleo ziende kule zitakakozaa haraka, yaani kwenye mvua na reli. Si ajabu basi kwamba hadi leo msafiri akitoka Lodwar kuelekea Kitale husema anakwenda "Kenya". Watu hucheka wakisikia. Mimi huona kwamba ni hoja ya kikatiba iliyosemwa kwa neno moja.

Kisha ghafla watu wakaja. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992. Mafuta yalitangazwa kugunduliwa katika kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012. Serikali ya kaunti ilianza kazi mwaka 2013, ikaleta Lodwar makarani, wahandisi, wahasibu, na wale wanaofuata fedha popote ziendapo. Nyumba hazikuota kwa kasi hiyo. Kanamkemer, Napetet na Nakwamekwi zikajaa vyumba vya mawe na mabati vilivyopangwa kwa safu, choo kimoja kwa milango mingi, bomba moja ambalo mwenye nyumba hulifunga akikasirika. Wenyeji waliouza mbuzi ili mtoto asome mjini wakajikuta wanashindana kwa chumba na ofisa mwenye marupurupu ya mazingira magumu. Ukitaka kujua nani alishinda, tazama ni nani anayekaa kando ya lagha la Kawalase, ambako mafuriko hubisha hodi bila ilani.

Sasa tuitazame sheria, kwa maana wengi hudhani haipo. Ipo. Inaitwa Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, ya mwaka 1959. Ni sheria nzuri kuliko wanavyojua waliolazwa nje kwa kutoijua. Inasema kwamba mpangaji hafukuzwi ila kwa amri na kwa sababu zilizotajwa. Inasema kwamba mali yake haikamatwi kwa ajili ya malimbikizo ya kodi bila idhini ya jopo linalosimamia sheria hiyo. Inamhesabu kuwa mkosaji mwenye nyumba anayemsumbua mpangaji kwa nia ya kumfanya ahame. Kung'oa mlango, kukata maji, kuondoa mabati ya paa juu ya mama anayenyonyesha: haya si "haki ya mwenye mali". Ni makosa ya jinai.

Lakini ulinzi huo unahusu nyumba ambayo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi.

Shilingi 2,500! Kipimo kinachotumiwa kuipata kodi hiyo hurejea tarehe 1 Januari 1981. Wengi wanaolipa kodi leo hawakuwa wamezaliwa. Chumba cha mawe chenye umeme karibu na barabara kuu ya Lodwar kimeshapita kiwango hicho, na mwalimu anayekipanga yuko nje ya ulinzi wa sheria hii. Anayebaki ndani ni yule wa chumba cha udongo au cha mabati makuukuu, ambaye hana nauli ya kwenda kulitafuta jopo lenye makao yake makuu Nairobi, zaidi ya kilomita 600 kutoka alipo. Mwenye nauli sheria haimtambui, na anayetambuliwa na sheria hana nauli. Jambo hili halikutokea kwa bahati mbaya. Bunge baada ya Bunge limeona tarakimu hiyo na kuipita. Mwaka 2021 uliletwa muswada wa kuunganisha sheria za upangaji; Bunge hilo lilivunjwa mwaka 2022 muswada ukiwa bado haujawa sheria. Wabunge waliopata nafasi ya kuzungumzia mishahara yao hawakupata nafasi ya kuzungumzia kodi zetu.

Ajabu nyingine iko upande wa maduka. Sura ya 301, ya mwaka 1965, humlinda mpangaji wa duka au hoteli asiye na mkataba wa maandishi, humpa ilani ya miezi miwili isiyopungua, na haijali kodi yake ni shilingi 3,000 au 300,000. Hivyo basi gunia la sukari lililolala dukani lina usalama kuliko mtoto aliyelala chumbani nyuma ya duka hilohilo. Sijapata kusikia mheshimiwa yeyote akitueleza sababu.

Sasa nije kwenye mzizi wenyewe, ambao ni ardhi. Jopo linapopima kodi ya haki ya nyumba ambayo haikuwa imepangishwa mwaka 1981 hutakiwa kujumlisha gharama ya ujenzi na thamani ya kiwanja sokoni. Thamani gani, na soko lipi? Sehemu kubwa ya ardhi ya Turkana ni ardhi ya jamii isiyosajiliwa. Kifungu cha 63 cha Katiba ya 2010 kinaiweka mikononi mwa serikali ya kaunti kwa amana ya wananchi, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaikataza kaunti hiyo kuiuza, kuihamisha au kuigeuza kuwa ya watu binafsi kabla haijasajiliwa. Na bado ploti zinapimwa, zinauzwa, zinajengwa na kupangishwa. Mwenye nyumba anashika barua ya ugavi iliyofifia, au hana chochote ila neno la mzee na uzio wa mathenge. Ndiyo maana hataki kuandika mkataba. Mkataba ukiandikwa, wakili wa mpangaji atauliza swali la kwanza: ardhi hii ni yako kwa hati gani?

Kwa hiyo hofu imekaa pande zote mbili za mlango. Mpangaji anaogopa kufukuzwa na mwenye nyumba; mwenye nyumba anaogopa kufukuzwa na mtu mwenye barua mpya kuliko yake. Anayeogopa hivyo hutaka kuvuna haraka: amana ya miezi miwili isiyorudishwa, nyongeza ya kodi kwa ujumbe mfupi wa simu, na stakabadhi haitolewi kamwe. Wasomaji wanaoijua Biblia watamkumbuka Nabothi na shamba lake la mizabibu. Nabothi angalau alijua shamba ni lake, na Ahabu alijua si lake. Huku kwetu wote wawili wanakisia.

Ugomvi ukizuka, hupelekwa kwa chifu. Tulipigana miaka mingi kuipunguza makali Sheria ya Machifu, na mwaka 1997 ikarekebishwa. Chifu hana mamlaka ya kisheria ya kumfukuza mpangaji, wala ya kuamua kodi. Anaweza kupatanisha, na apatanishe. Katiba yenyewe katika Kifungu cha 159 inahimiza usuluhishi, na wazee wa Kiturkana walikaa chini ya mti wakisuluhisha magomvi mazito kuliko ya kodi muda mrefu kabla ya wakoloni. Lakini chini ya ule mti pande zote husikilizwa na watu wote husikia. Kikao cha watu watatu ofisini, ambapo mpangaji mgeni wa mahali hapo haelewi hata lugha inayozungumzwa, ni jambo jingine, na tusilipe heshima ya jina la mila.

Kakuma mambo yamefungamana zaidi. Mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Fedha (IFC) lilihesabu biashara zaidi ya 2,000 katika kambi na mji, na kuukadiria uchumi wake kuwa wa dola milioni 56 kwa mwaka. Penye fedha kiasi hicho pana kodi. Mkimbizi hamiliki kiwanja cha kambini, wala nyumba aliyojengewa haikukusudiwa kuwa bidhaa. Lakini vibanda hukodishwa, na anayekodisha naye si mwenye ardhi. Mturkana aliye nje ya kambi, ambaye awi ya babu yake ilikuwa pale pale, haoni senti ya kodi hiyo; huona tu bei ya chumba mjini Kakuma ikipanda. Hapo ndipo mwanasiasa hujitokeza na kumwambia kwamba adui yake ni Msudani, Msomali au Mkongo. Ndugu zangu, msikubali. Mgao wa chakula ulipokatwa mwaka 2025 na kambi ikaandamana, mkimbizi alidaiwa kodi ya kibanda kama mnavyodaiwa ninyi ya chumba, naye hakuwa na stakabadhi kama ninyi msivyokuwa nayo.

Mnamo Machi 2025 Rais alizindua Mpango wa Shirika, ambao unakusudia kuzigeuza kambi kuwa makazi ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji. Lengo hilo silipingi. Nauliza tu mambo ambayo wakili yeyote angeuliza kabla mteja wake hajatia sahihi: ardhi hiyo itakapokuwa mtaa wa mji, itasajiliwa kwa jina la nani? Kodi ya vibanda italipwa kwa nani, na jamii mwenyeji itapata nini humo? Tusipopewa jibu kabla ya majengo kuinuka, watajibu waliokwisha kujikatia ploti usiku.

Wapo watakaosema nikidhibiti kodi nitawafukuza wajenzi. Ni wimbo wa soko huria tulioimbiwa tangu miaka ya tisini. Soko lina haki yake. Mjane aliyejenga vyumba vitatu Napetet kwa mkopo wa chama si bwanyenye, na mpangaji anayehama usiku na godoro kichwani akiacha deni la miezi minne humuibia mjane huyo. Lakini mjane ndiye wa kwanza kuhitaji mkataba wa maandishi na jopo lililo karibu. Kwa sasa njia yake pekee ya kudai ni kufuli, na akilitumia amevunja sheria. Wanaonufaika na giza hili ni wachache wenye safu za ploti, wenye ndugu katika ofisi za ardhi.

Nayo makanisa? Nyumba za Muoroto, Nairobi, zilipobomolewa Mei 1990, wachungaji na maaskofu hawakuuliza waliobomolewa wana hati gani. Walipaza sauti, na sauti hiyo ikawa sehemu ya mageuzi yenyewe. Zaidi ya miaka 30 baadaye, tarehe 11 Januari 2021, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Mitu-Bell kwamba watu waliokaa katika ardhi ya umma wanaweza kuwa na haki ya makao inayolindwa ingawa hawana hatimiliki. Kesi hiyo haikuhusu wapangaji wala ardhi ya jamii, na wakili wa upande wa pili atalisema hilo mapema. Lakini Kifungu cha 43, kinachompa kila mtu haki ya makao yanayofaa, kimeshapewa meno, na hakikuandikwa kwa ajili ya Nairobi peke yake.

Jumuiya ndogo ndogo na kamati za haki na amani za Lodwar na Kakuma zinaweza kuanza bila kumngoja mtu. Kanisa lenye vyumba vya kupangisha litoe mikataba na stakabadhi kabla ya kumhubiria mwingine. Kila mpangaji alipe kwa njia ya simu au benki, ili ushahidi ubaki hata stakabadhi ikinyimwa. Anayefungiwa mlango apige picha, aandike tarehe, ataje mashahidi wawili, aripoti polisi na kudai nambari ya ripoti. Wanaoishi kwenye ardhi ya jamii waulize, kwa barua, usajili wa jamii yao umefika wapi, na barua hiyo waipeleke wakiwa kumi.

Uchaguzi ni 2027. Atakayekuja kuomba kura Turkana, wa chama chochote, asiruhusiwe kushuka jukwaani kabla ya kujibu haya: utaiondoa tarakimu ya shilingi 2,500 katika Sura ya 296, na utaweka ngapi? Jopo litaketi Lodwar na Kakuma mara ngapi kwa mwaka? Na wewe mwenyewe, mheshimiwa, una ploti ngapi katika miji hii, na wapangaji wako hupewa stakabadhi?