ATI HUO NAO NI MUZIKI?

Vijana wenzangu wa kalamu, tuna ugonjwa mmoja. Kitu kikirudiwarudiwa, tunasema mtungaji kaishiwa. Kikiwa na vipande vichache, tunasema hata mtoto angeweza. Hukumu hiyo ndiyo tunayowapa watunzi wa Marekani walioanza, miaka ya 1960, muziki wa vitu vichache: sauti mbili tatu, mdundo mmoja, marudio mengi. Ati upuuzi wa Wazungu walioshiba! Haya, tubishane.

Walioshiba? Philip Glass alikuwa dereva wa teksi New York, na aliendelea kuendesha hata baada ya opera yake, Einstein on the Beach, kuonyeshwa Metropolitan Opera mwaka 1976.

Rahisi? Chukua In C ya Terry Riley, ya mwaka 1964. Ni vipande 53 vifupi tu. Kila mpigaji anavipitia kwa mpangilio, ila anaamua mwenyewe arudie kila kimoja mara ngapi. Asiyemsikiliza jirani yake ataachwa nyuma au atakimbia peke yake, na kazi nzima itavurugika. Uvivu uko wapi hapo?

Au Steve Reich. Mwaka 1965 alichukua sauti ya mhubiri wa barabarani aliyoirekodi San Francisco, akaicheza kwenye mashine mbili za kanda kwa pamoja. Mashine hazikwenda sawasawa. Moja ikaipita nyingine kidogo kidogo. Maneno yale yale yakawa mwangwi, yakawa mdundo, mwisho yakawa kama kelele za umati. Hakuongeza neno hata moja.

Najua mtasema: mbona Wamarekani wenyewe waliuzomea? Kweli, Januari 1973, Four Organs ya Reich ilipopigwa Carnegie Hall, watu walipiga makelele kazi ikiwa bado inaendelea. Lakini tangu lini kuzomea kukawa hoja?

Wapo pia wajanja wanaodai: huo ni wetu, wametuibia. Ni kweli Reich alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma za Waewe, na aliporudi akatunga Drumming. Lakini kazi ya mhubiri iliitangulia safari hiyo kwa miaka 5. Tukidai, tudai kwa haki. Na kama marudio ni yetu, mbona tunayadharau? Gitaa la sebene likizunguka pale pale, sote tunainuka kucheza. Marudio yakipigwa ukumbini watu wakiwa wamekaa, tunasema mtunzi hana akili!

Sisemi kila anayerudia ni bingwa. Zipo kazi za aina hii zinazochosha kweli kweli. Lakini kukichukulia kitu kwa uzito si kukisujudia. Ni kukisikiliza mpaka mwisho, kisha useme kinachosha wapi na kwa nini. Huo ndio uhakiki. Kuguna na kuzima redio, hata mlevi anaweza.

Mnaniuliza inanihusu nini? Basi msikieni Julius Eastman, mtu mweusi, mpiga piano, mwimbaji na mtunzi. Mwaka 1973 alitunga Stay On It, kazi inayong'ang'ania kipande kimoja kifupi, inakivunja, inakirudia tena. Miaka ya 1980 alifukuzwa nyumba aliyopanga New York, na karatasi zake nyingi za muziki zikapotea. Alikufa Buffalo mwaka 1990, akiwa na miaka 49, na ilipita miezi kadhaa kabla gazeti halijaandika kifo chake. Mtunzi mwenzake, Mary Jane Leach, alihangaika miaka kuzisaka kazi zile, na mwaka 2005 baadhi yake zikatoka kwenye sidii.

Ninyi wenye miswada chini ya kitanda mnajua nasema nini. Tunalalamika kila siku kwamba mhariri anasoma ukurasa mmoja na kutupa. Sasa sisi tunasikiliza dakika mbili na kutupa. Tofauti yetu na yeye ni ipi?

Sikilizeni yote kwanza. Ndipo mje tugombane.