Shujaa ana jina, tuliandike

Kila tarehe 25 Julai nchi yetu inawakumbuka mashujaa. Mkuki na ngao vinawekwa mnarani, shada la maua linafuata, tunasimama kimya. Ni jambo zuri. Ila pale tunawakumbuka wote kwa pamoja, na nyumbani ndugu aliyeuawa vitani hakumbukwi hivyo, anakumbukwa kwa jina lake. Hoja yangu kwenu wanachuo wenzangu ni fupi: majina hayo na habari zake tuyaandike sisi, na tuanze likizo hii.

Mimi natoka Majengo ya Mpanda (Majengo ni mengi nchi hii, usije ukanitafuta Moshi). Mdogo wake babu aliuawa katika Vita vya Kagera, na jina lake nimepewa mimi. Hakuna kaburi lake pale nyumbani, kwa hiyo ukoo ulimkumbuka kwa njia unayoijua: mtoto amepewa jina. Kiukweli, jina peke yake haliendi mbali. Nikija kumpa mwanangu jina hilohilo ataniuliza huyo alikuwa nani, na anayeweza kujibu leo amebaki mmoja tu, bibi, shemeji yake marehemu. Yeye ndo anakumbuka kicheko chake, baiskeli aliyokuwa hajamaliza kuilipia, na siku alipopanda treni ya Tabora.

Shuleni tuliisoma vita hii kwa tarehe. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, Novemba Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba tutampiga, 11 Aprili 1979 Kampala ikatekwa. Mtihani ukiisha, na vita imeisha. Lakini waliokwenda hawakuwa askari wa kambini peke yao. Walikuwemo wanamgambo, polisi, askari magereza na vijana wa JKT, kutoka mikoa mbalimbali, hata huku kwetu, ambako wakati ule kulikuwa bado ni Rukwa. Wengi walikuwa na umri wetu huu wa kugombania kiti maktaba na kusubiri bumu.

Kaboya, wilayani Muleba, kuna makaburi ya askari wa vita ile. Yanastahili heshima. Ila kutoka Mpanda hadi Muleba unavuka mikoa, na mama mzee wa Majengo hana nauli wala nguvu za kwenda kung'olea majani kaburi la shemeji yake. Askari wetu wa kulinda amani waliouawa Semuliki, Kongo, Desemba 2017, majeneza yao yalirudi na nchi nzima iliona. Mwaka 1979 familia nyingi zilipata habari tu.

Wapo watakaosema hii ni kazi ya jeshi na serikali. Namba ya askari, cheo na tarehe, sawa, waandike wao. Habari ya baiskeli ofisi gani itaiandika? Wengine watasema tunatonesha kidonda. Hapo nakubali tuwe na adabu: asiyetaka kusema aachwe. Lakini nilipomuuliza bibi, hakukasirika. Aliniambia miaka yote hiyo watu walikuwa wanampa pole, hakuna aliyemuuliza.

Na tusiishie kwa waliovaa magwanda. Jirani zetu wa Katumba na Mishamo, ambao wazee wao walikimbia Burundi mwaka 1972, nao wana baba na kaka waliouawa. Wengi wao leo ni Watanzania wenzetu, baadhi tunakaa nao bweni moja. Wafu wao hawana siku kwenye kalenda yetu. Tukiandika ya kwetu tukaacha ya kwao, tutakuwa tumefanya nusu ya kazi.

Kazi yenyewe si kubwa. Ukifika nyumbani, iwe likizo au fildi, kaa na mzee mmoja. Mwombe ruhusa, washa simu, rekodi. Uliza jina kamili, alizaliwa wapi, alikuwa anafanya kazi gani, aliondoka lini, habari za kifo zililetwa na nani. Kama kuna picha, ipige mbele na nyuma, maana nyuma mara nyingi pameandikwa. Nakala moja ibaki kwa familia. Nyingine, familia ikiridhia, iletwe chuoni, na serikali yetu ya wanafunzi iombe kabati moja tu maktaba la kuzihifadhi. Wenzetu wa historia watatuonyesha namna ya kuzipanga.

Wazee waliowajua watu hawa wanapungua kila mwaka, na kila anayezikwa anaondoka na habari ambazo hazipo kwenye kitabu chochote. Sababu tunayo, uwezo tunao, upo mfukoni. Imebaki nia.