Mchango Umefika, Hesabu Iko Wapi?

Alasiri ya Jumamosi, Septemba 10, 2016, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliikumba Kagera. Watu zaidi ya 15 walipoteza maisha na maelfu ya nyumba zilianguka au kupasuka kuta. Haukupita muda, namba za kutuma michango kwa simu zikawa zinazunguka nchi nzima, pamoja na akaunti ya benki iliyoitwa Kamati Maafa Kagera. Watu walituma. Kabla mwezi haujaisha, viongozi wawili, mmoja wa mkoa na mwingine wa manispaa, wakatumbuliwa kwa madai ya kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile rasmi. Januari 2017 Rais John Magufuli, akiwa Bukoba, akaeleza kwamba Serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake, na kwamba kipaumbele ni miundombinu ya umma, shule zikiwemo.

Sina nia ya kuufufua ubishi wa kama uamuzi ule ulikuwa sahihi. Shule zilizobomoka zilihitaji kujengwa, na kuna hoja nzito kwamba darasa moja huwafaa wengi kuliko nyumba moja. Ninachokiangalia ni kingine. Mtu aliyetuma shilingi elfu tano kutoka Mbagala, akijua moyoni kwamba anachangia bati za familia fulani asiyoifahamu, hakuulizwa wala hakuarifiwa. Alipata ujumbe mmoja tu, ule wa kuthibitisha muamala.

Tangu M-Pesa ianze Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, kutoa kumeacha kuwa safari. Zamani mchango ulimtaka mtu aende mahali: kanisani, msikitini, kwenye harambee ya shule, kwa mjumbe mwenye daftari. Siku hizi anatoa akiwa ameshika bomba la daladala. Mwaka 2011, ukame ulipoibana Turkana na maeneo mengine ya kaskazini mwa Kenya, wakfu wa Safaricom, benki ya KCB, wamiliki wa vyombo vya habari na Msalaba Mwekundu walizindua kampeni ya Kenyans for Kenya wakilenga shilingi milioni 500 ndani ya mwezi. Lengo lilifikiwa mapema. Makampuni yalitoa mamilioni, kama ilivyotarajiwa, lakini safari hii hata mwenye shilingi kumi alikuwa na mahali pa kuiweka. Mwaka 2012 ikaja M-Changa, jukwaa la Nairobi linalomwezesha mtu wa kawaida kufungua changizo lake na kukusanya kwa simu bila kuhitaji kamati wala ukumbi.

Urahisi huo, hata hivyo, umekuja upande mmoja. Kutuma ni sekunde chache. Kutoa hesabu bado kunadai muda, risiti, mtu anayejua kuandika, na uvumilivu wa kuulizwa maswali ya kuudhi. Teknolojia imeurahisisha mlango wa kuingilia fedha na kuuacha wa kutokea vilevile ulivyokuwa enzi za daftari. Hapo ndipo mjadala wa michango ya mtandaoni ungepaswa kukaa, nao mara nyingi hukaa kwingine: tapeli ni nani, kibali kiko wapi, mwanasiasa gani ametoa kiasi gani.

Cha ajabu ni kwamba mfumo wenye hesabu nzuri kuliko yote tunao tayari, na hakuna aliyeubuni. Ni kundi la WhatsApp la michango. Mama kalazwa Muhimbili. Usiku huohuo kundi limeundwa, mhazini kateuliwa, namba imebandikwa juu na jina litakalotokea limeandikwa pembeni ili mtu asikosee. Asubuhi orodha inaanza kutembea. Kila anayetuma anainakili, anaongeza jina lake na kiasi, anairudisha. Ahadi zinaandikwa kando na taslimu, na aliyeahidi akakaa kimya atakumbushwa mbele ya mashemeji. "Tuma na ya kutolea," mhazini anasisitiza, kwa sababu makato ya wakala yakijumlishwa kwa watu sitini ni dozi nzima ya dawa. Mgonjwa akiruhusiwa, inapandishwa skrinshoti ya bili, na kama kuna salio, kundi linaamua: apewe mgonjwa, au libaki kwa nauli ya kliniki. Mkaguzi wa mahesabu asingeomba zaidi ya hapo.

Mfumo huu una kasoro zake. Orodha ya hadharani inamwumbua mwenye elfu mbili anayefuata chini ya shangazi aliyetoa laki, na inapingana na mafundisho ya dini zetu kuhusu sadaka ya siri. Wapo wanaokopa ili jina lisikosekane. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba unamfaa mwenye watu. Kijana aliyekuja mjini peke yake, anayelala kwenye kibanda cha kuoshea magari, hana kundi la kuundiwa. Huyo anahitaji ukarimu wa wasiomjua, na wasiomjua hawafikiwi kwa orodha. Wanafikiwa kwa simulizi.

Simulizi nayo ina upendeleo wake. Mwaka 2007 watafiti Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha jaribio ambalo kila mchangishaji, awe amelisoma au hajalisoma, analifanyia kazi kila siku. Waliwapa watu fursa ya kuchangia dhidi ya njaa barani Afrika. Walioonyeshwa msichana mmoja wa Mali, Rokia, mwenye umri wa miaka saba, walitoa wastani wa dola 2.38. Walioonyeshwa takwimu za mamilioni wenye njaa walitoa dola 1.14. Waliopewa vyote viwili, Rokia na takwimu pamoja, walishuka hadi dola 1.43. Yaani kuuelewa ukubwa wa tatizo kulipunguza utoaji. Ndiyo maana kurasa za Instagram zinazochangisha kwa ajili ya matibabu zinamweka mtoto mmoja, jicho moja, jeraha moja. Mwenye sura inayogusa anatibiwa kwa wiki moja. Mwenye presha na figo zinazochoka taratibu, bila picha ya kutisha, anasubiri. Ninaamini wachangishaji wengi wana nia njema, lakini nia njema haibadilishi ukweli kwamba tumegeuza foleni ya hospitali kuwa shindano la kutia huruma. Tanzania ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya ilianza mfumo mpya wa bima ya afya, SHA, Oktoba 2024. Tukitaka kujua kama hatua hizo zinafanya kazi, tuangalie kama picha hizo zinapungua.

Umbali unapoongezeka, hesabu inazidi kufifia. GoFundMe, jukwaa la Marekani lililoanzishwa mwaka 2010, halimruhusu mtu aliyeko Tanzania au Kenya kutoa fedha moja kwa moja kwenye benki ya kwao. Kwa hiyo ndugu aliyeko Minnesota au Manchester anafungua kampeni kwa jina lake, anapokea kwenye akaunti yake, kisha anatuma nyumbani. Wengi wanafanya hivyo kwa uaminifu unaostahili heshima. Lakini mchangiaji wa Oslo anaona tarakimu zikipanda hadi fedha zinapotolewa, na baada ya hapo pazia limefungwa: ada ya kutuma, kiwango cha kubadilisha dola, tozo, bili yenyewe. Hata serikali zimewahi kukaa katikati ya njia hiyo. Julai 2021 Tanzania iliweka tozo ya miamala ya simu iliyofika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, na fedha ya msiba ilikatwa sawasawa na fedha ya biashara, hadi kelele zilipolazimisha tozo hiyo ipunguzwe.

Serikali zetu zikishtuka, hukimbilia kibali. Kenya ina sheria ya makusanyo ya umma tangu mwaka 1960, inayomtaka mchangishaji awe na leseni, na mswada wa mwaka 2024 uliendelea na fikra hiyohiyo. Wakati mswada huo unajadiliwa, mfano wa kinyume ulikuwa unaonekana mtandaoni. Baada ya maandamano ya Juni 2024 nchini Kenya, mwanaharakati Hanifa Adan na wenzake walichangisha mamilioni ya shilingi kupitia M-Changa kwa majeruhi na familia zilizofiwa, kisha mgawanyo wa fedha ukaanikwa hadharani, watu wakauchambua, wakauliza, wengine wakabeza. Nani angewapa kibali wiki ile? Kibali kinamzuia anayemkera mwenye mhuri. Mwizi mwenye nyaraka safi kinampitisha bila shida.

Upande wa Tanzania, kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali za mwaka 2018 ziliyataka mashirika yanayopokea zaidi ya shilingi milioni 20 kuzitangaza fedha hizo magazetini. Kuna chembe ya wazo zuri hapo, ila tangazo la gazetini linamfikia nani? Aliyetuma elfu tano kwa simu hanunui gazeti kutafuta jina la shirika kwenye ukurasa wa zabuni. Tena kanuni inawabana waliosajiliwa, wakati fedha nyingi za leo zinapita kwa wasiosajiliwa.

Wachangishaji wanaogopa kwamba hesabu ikitoka na dosari, watu wataacha kutoa. Mwaka 2023 shirika la GiveDirectly, linalotuma fedha kwa simu moja kwa moja kwa kaya maskini, lilitangaza lenyewe kwamba takriban dola 900,000 zilikuwa zimeibwa Kivu Kusini, nchini Kongo, kwa njama zilizowahusisha wafanyakazi wake. Lilieleza wizi ulivyofanyika. Shirika bado lipo na bado linatuma fedha. Nalinganisha na taasisi ninazozifahamu ambazo hazijawahi kutangaza hasara hata ya shilingi, nami najiuliza ni zipi zinazostahili elfu tano yangu.

Kinachowezekana ni rahisi kuliko vibali. Simu iliyopokea mchango ina namba za wote waliochanga. Sheria imtake anayekusanya kutoka kwa umma zaidi ya kiwango fulani arudishe ujumbe mfupi kwa kila namba: tumepata kiasi hiki, tumetumia hivi, kimebaki hiki, risiti ziko hapa. Kampuni ya simu inayoweza kuniamsha alfajiri kunitangazia bando la wikendi haiwezi kudai imeshindwa kuupeleka ujumbe huo. Asiyerudisha ndani ya miezi mitatu, namba yake isipokee mchango mwingine. Misiba na harusi za mtaani ziachwe, zina orodha zao. Kiwango cha kuanzia kinajadilika. Mimi ningeanza na hizohizo milioni 20 za kanuni za 2018, na kamati za maafa zinazoundwa na Serikali zingekuwa za kwanza kuwekwa ndani ya sharti hilo.