Tusiyatenge masomo yanayotegemeana

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwaka wa 1977 wanasayansi wa Marekani waliinama hadi kina cha mita 2,500. Wakiwa ndani ya nyambizi ndogo iitwayo Alvin, walishuka karibu na visiwa vya Galápagos, katika Bahari ya Pasifiki, kutafuta chemchemi za maji moto zilizodhaniwa kuwako pale sakafu ya bahari inapopasuka. Wakazipata. Wasilotarajia ni kukuta kome, kaa na minyoo mirefu wakistawi katika giza totoro.

Msafara huo ulikuwa wa wanajiolojia na wanakemia. Mwanabiolojia hakuwamo hata mmoja. Dawa ya kuhifadhia viumbe ilikuwa haba, ikabidi baadhi yao watiwe katika vodka!

Kisa hiki kinachekesha, lakini kina funzo. Jiolojia hueleza jinsi maji ya bahari yanavyopenya nyufani na kupashwa moto na miamba iliyoyeyuka. Kemia hueleza jinsi maji hayo yanavyobeba chuma, shaba na zinki, na jinsi madini hayo yanavyoganda yakikutana na baridi, yakajenga mabomba ya mawe. Katika mabomba yaliyoonekana mwaka wa 1979 mashariki mwa Pasifiki, maji yalifikia nyuzi 350 za Selsiasi bila kuchemka, kwa uzito wa bahari iliyoyalemea. Biolojia nayo hueleza jinsi bakteria wanavyojipatia nguvu kutokana na gesi yenye salfa badala ya jua, wakawalisha viumbe wengine. Ukiondoa somo moja, maelezo yanakatika.

Ni jambo la kusikitisha kwamba katika madarasa yetu mengi masomo haya huishi kama majirani wasiosalimiana. Wanafunzi hupelekwa Ziwa Bogoria, wakachemsha mayai katika chemchemi, wakapigwa picha, wakarudi nyumbani. Ilhali hapo pia, katika Bonde la Ufa, ardhi inapasuka, joto la chini linachemsha maji, na bakteria wanaishi humo. Wala hapahitajiki nyambizi.

Yafaa basi walimu wa masomo hayo matatu wapande basi moja. Wa kwanza aulize maji yamepata wapi joto, wa pili yamebeba nini, wa tatu ni nani anayeishi humo. Mwanafunzi atakayeyajibu maswali yote matatu atakuwa ameelewa mahali alipofika, si kuchemsha yai tu.