Fundi wa reli akikosa pa kukimbilia, hatuko salama

Kwa vijana wengi wa Laini Saba, reli ni barabara. Asubuhi wanaifuata kwa mguu hadi Industrial Area kutafuta kibarua, jioni wanarudi nayo. Kando yake kuna mama mboga, mitumba na kinyozi. Lakini kuna watu ambao kwao reli hiyo ndiyo kazini: mafundi na vibarua wanaokaza bolti, kubadilisha mataruma na kujaza kokoto.

Usalama wao ni wetu pia. Desemba 22, 2013, treni ya mizigo iliacha reli hapa Kibera, mabehewa yakaangukia nyumba za mabati na kujeruhi watu. Karibu miaka 21 kabla ya hapo, Januari 30, 1993, mafuriko yalibomoa daraja kule Ngai Ndeithya, karibu na Mtito Andei. Treni ya abiria iliyokuwa ikielekea Mombasa ikatumbukia mtoni, na zaidi ya watu 100 wakafa. Anayekagua reli ndiye jicho la kwanza la abiria na la mkazi. Naye je, nani anamwangalia?

Tutazame Margam, Wales. Julai 3, 2019, mafundi wawili waligongwa na treni wakiwa kazini. Walikuwa wakitumia mashine yenye kelele, masikio yamezibwa, na hakuna mlinzi aliyewekwa kuwaonya. Wachunguzi walisema kazi ile haikuwa lazima ifanywe treni zikipita. Tunayajua haya kwa sababu Uingereza ina shirika huru la kuchunguza ajali za reli, lililoundwa baada ya watu 31 kufa Ladbroke Grove mwaka 1999. Halitafuti wa kulaumiwa. Linatafuta chanzo, kisha linaanika ripoti ili yeyote aisome.

Sasa rudi Kibera. Mlinzi anahitaji kuona treni ikiwa mbali, na fundi anahitaji pa kuchomokea. Mwaka 2004, Shirika la Reli lilitaka watu waondoke mita 30 kila upande. Baadaye, kwa pesa za Benki ya Dunia, nyumba na vibanda vilijengwa kwa waliohamishwa, na ukuta ukawekwa. Hatua nzuri, ila ukuta unaomzuia mtoto kuingia relini unaweza pia kumfungia fundi njia. Lazima nafasi za kutorokea ziachwe na zisigeuzwe vibanda. Hapo sisi wakazi pia tuna deni.

Sheria ipo. Ile ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa, na mwajiri hapaswi kumrudisha hapo kabla hatari haijaondolewa. Mtu akifa kazini, mwajiri ana saa 24 kumjulisha afisa wa usalama. Lakini tuseme ukweli: kibarua wa siku atamwambia mdosi "siingii hapo", halafu kesho aitwe tena?

Kwa hivyo mambo ni matatu. Kazi nzito ifanywe treni zikiwa zimesimamishwa. Kila kikosi kiwe na mlinzi asiyepewa kazi nyingine. Na kila ajali, hata ile iliyokosa kuua kwa nukta, iandikwe kwa Kiswahili na isomewe mafundi kabla ya zamu. Bila hivyo, ajali ya jana itamfundisha nani?