Juu ya Kufunga Mlango Usiku

Wahenga walisema, Nyumba njema si mlango. Maana yao ni kwamba uzuri wa nyumba hautambulikani kwa kuutazama mlango wake. Sharti mtu aingie ndani aone. Sisi leo twataka kuyatumia maneno hayo kwa njia nyingine. Twasema ya kwamba usalama wa nyumba nao hautambulikani kwa kusimama nje. Mwivi ndiye autazamaye mlango kwa nje. Mwenye nyumba na autazame kwa ndani, tena usiku, tena taa ikiwa imezimika.

Siku hizi, mahali pengi katika nchi zetu, mlango wa mbao peke yake hauhesabiwi kuwa kitu. Mbele yake huwekwa geti la chuma, na madirisha yote hutiwa nondo. Hatuwalaumu wafanyao hivyo. Wevi wapo, na mtu aliyekwisha kuvunjiwa nyumba hahitaji kufundishwa hofu. Tunalolilaumu ni jambo moja: kufuli litiwalo kwa ndani, na ufunguo wake kuchukuliwa na baba na kuwekwa chini ya mto wa kulalia, au mfukoni mwa suruali, au mahali apajuapo yeye peke yake. Nyumba ya namna hii twasema wazi kwamba haikulindwa. Ni kifungo, na wafungwa wake ni mke na watoto wa mwenye ufunguo.

Na tufikiri kwa utulivu yatakayotokea moto ukiwaka usiku, kwa kibatari kilichoanguka, au mshumaa, au waya wa umeme ulioharibika. Adui wa kwanza si mwali, ni moshi. Moshi hutangulia. Hujaa juu darini, kisha hushuka, hufumba macho, na ndani yake mna hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, imlevyayo mtu na kumpotezea fahamu kabla ndimi za moto hazijamfikia. Aliyeamshwa na moshi ana dakika chache tu. Je, katika dakika hizo atafute suruali, apapase mifuko, autambue ufunguo mmoja kati ya sita, kisha alitafute tundu la kufuli gizani na mikono ikimtetemeka? Na hayo ni kama baba yupo. Akiwa safarini? Akiwa ndiye wa kwanza kuzimia?

Haya si maneno ya kutishia watoto. Mwezi wa Machi 1998, katika shule ya wasichana ya Bombolulu, huko pwani ya Kenya, wasichana 26 walikufa kwa moto bwenini mwao. Mwezi wa Machi 2001, katika shule ya Kyanguli, Machakos, walikufa wavulana 67. Shule ni mbili, lakini habari ni moja: mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Moto wa Kyanguli uliwashwa kwa makusudi. Aliyeuwasha alikuwa na nia mbaya, na waliotia vyuma na makufuli walikuwa na nia njema ya kulinda. Lakini kazi yao ilikutana usiku ule, na watoto wakawa katikati. Mwaka 2008 serikali ya Kenya ilitoa kanuni za usalama wa shule, nazo zasema kwamba mabweni yawe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati, milango ifunguke kwa nje, isifungwe kwa nje wakati wanafunzi wamo, na madirisha yasiwe na vyuma. Kanuni ni njema. Ole ni kwamba ziliandikwa baada ya makaburi.

Wazungu nao walijifunza hivyo hivyo, kwa machozi. Mwaka 1883, katika mji wa Sunderland huko Uingereza, watoto walikusanyika katika jumba kutazama michezo. Ilipotangazwa kwamba zawadi zitagawiwa, watoto waliokuwa juu walishuka ngazi mbio. Chini walikuta mlango ufungukao kwa ndani, nao ulikuwa umetiwa komeo ukaachwa wazi kidogo tu, kiasi cha kupita mtoto mmoja. Watoto 183 walikufa kwa kusongamana. Hapakuwa na moto wala mwivi. Palikuwa na komeo tu. Baada ya msiba ule Mwingereza mmoja, Robert Briggs, alibuni komeo ambalo mtu wa ndani akilisukuma hufunguka papo hapo, na mtu wa nje halifungui. Akapewa hati ya ubunifu wake mwaka 1892. Hilo ndilo neno letu lote: mlango uwe mgumu kwa aliye nje na mwepesi kwa aliye ndani.

Tena si neno geni kwetu. Wazee wetu wa pwani waliifunga milango yao mikubwa kwa kia, yaani mti uliopitishwa nyuma ya mlango toka mwimo hata mwimo. Mwivi wa nje aweza kusukuma mpaka kuche. Mtu wa ndani huuondoa mti ule kwa mikono yake, bila ufunguo wala taa. Na nyumba ya miti na udongo, hata mlango ukizibwa, ukuta waweza kubomolewa kwa jembe. Sisi tumejenga kwa matofali na saruji, tukatia nondo, kisha tukaiacha ile akili ya kia. Ukuta umekuwa mgumu zaidi, na mlango pia umekuwa mgumu kwa mtu asiyestahili kuzuiwa.

Labda msomaji atasema, “Mwivi hupenyeza mkono katika geti akalifungua komeo.” Kweli, kama komeo limewekwa vibaya. Fundi na aliweke mbali na tundu lo lote kuliko urefu wa mkono, au aligongomee bati nyuma yake. Mwingine atasema, “Mtoto mdogo atafungua atoke.” Basi liwekwe katika kimo ambacho mtoto wa miaka minane hufika, na wa miaka mitatu hafiki. Wa tatu atasema, “Kufuli nimekwisha kulinunua, fedha ya fundi sina.” Huyu na apige msumari ukutani karibu na mlango, mahali ambapo mkono wa mtu wa dirishani haufiki, autundike ufunguo hapo kila usiku, na watu wote wa nyumba, hata mgeni, waonyeshwe. Asiuondoe mtu ye yote kwa sababu yo yote. Na dirisha moja la kila chumba cha kulala nondo zake zitiwe bawaba, zifunguke kwa komeo la ndani.

Liko neno lililo zito zaidi, nalo latugusa sisi tusomao gazeti hili. Wako wazazi wawafungiao watoto kwa nje, kisha huenda zao: huyu sokoni, huyu msibani, na mwingine, twasema kwa huzuni, kwenye mkesha wa kanisa. Hudhani amewaacha salama kwa kuwa ufunguo u mkononi mwake. Lakini jirani akiona moshi atafanya nini? Atapiga yowe, atavuta nondo, atasikia sauti za ndani, wala hataweza neno. Mtoto asiyeweza kuachwa na mlango ufungukao, huyo haachwi peke yake kabisa. Na aende mkeshani pamoja na mama yake, alale juu ya mkeka, au akae kwa jirani. Wachungaji na wazee wa kanisa na walitangaze jambo hili kabla ya kutangaza saa ya mkesha.

Wala mtu asitujibu kwamba Mungu atalinda. Torati, katika Kumbukumbu sura ya 22, yamwamuru ajengaye nyumba mpya kuzungusha ukuta mdogo juu ya dari yake, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Mwenye nyumba huulizwa habari za wale walalao chini ya dari yake.

Kwa hiyo twaomba kila baba na kila mama afanye jaribu moja usiku wa leo. Zimeni taa. Mwiteni mtoto wa miaka minane, na bibi wa nyumba kama yupo, mwambieni kila mmoja afungue mlango na kutoka nje, nanyi hesabuni polepole hata ishirini. Akitoka, laleni. Asipotoka, msingoje Jumamosi ya kwenda mjini. Kwa usiku huu wekeni ufunguo palipo wazi, na asubuhi mwiteni fundi. Mwivi akiingia atachukua redio na nguo, navyo hununuliwa tena.