Tuelekeze Vipimo Upande Mmoja

Napinga vikali tabia ya wanafunzi wenzangu kujaza alama kwenye kompyuta bila kulinganisha mwelekeo wa vipimo. George Kelly, katika nadharia aliyoichapisha mwaka 1955, alitaka mtu asikilizwe kwa maneno yake mwenyewe. Mchimba chumvi wa Katwe apimapo vidimbwi vyake, mstari wa kwanza 1 ni “chumvi safi”, 5 ni “chumvi chafu”; mstari wa pili 1 ni “mapato haba”, 5 ni “mapato mengi”. Programu itadai usafi na mapato vinapingana, kumbe vinaandamana! Geuza mstari mmoja: 6 toa kila alama. Lakini upande mwema tusiuchague sisi. Chumvi ya mawe tunayoikataa mezani, mfugaji huwatafutia ng’ombe wake. Mchimbaji aulizwe kwanza.